Magadi na Mabaki Yake: Kutoka Saint-Denis hadi Bonde la Ufa

Mpishi wa maharage makavu anaijua thamani ya bonge la magadi. Humega kipande kidogo, hukiloweka kwenye kikombe cha maji, kisha husubiri. Kipande huyeyuka na mchanga hutuama chini. Maji ya juu humiminwa chunguni kwa uangalifu, maana yakizidi chakula hunuka sabuni, na baada ya muda maharage yaliyokuwa yakigoma kuiva huanza kulainika. Mashapo yaliyobaki kikombeni hutupwa nje ya mlango.

Kitendo hicho cha dakika chache kina sehemu mbili: kinachotakiwa na kinachobaki. Darasani tumezoea kuitazama sehemu ya kwanza. Mwalimu huandika mlinganyo ubaoni, hupigia mstari kitu kinachouzwa, na vilivyo pembeni yake husahaulika. Lakini ukiichunguza historia ya magadi, ambayo wanakemia huyaita kabonati ya sodiamu, utaona kwamba waliobadili mambo kila mara ni wale walioulizwa swali moja, au walioshurutishwa kulijibu: hicho kinachobaki kinakwenda wapi?

Kabla ya 1791: Majivu na mwani

Magadi yalikuwapo kabla ya viwanda. Wamisri wa kale waliyachota katika maziwa makavu ya Wadi El Natrun, magharibi mwa mto Nili, wakayatumia kukaushia maiti za wakubwa wao na kutengenezea vioo. Kwingineko watu walichoma mimea inayoota kwenye udongo wa chumvi, wakaosha majivu yake, wakachemsha yale maji hadi yakauke. Neno alkali, ambalo wanafunzi wetu hulikariri tangu miaka ya mwanzo ya sekondari, limetoka katika Kiarabu: al-qaly, majivu ya mimea hiyo.

Kufikia karne ya 18, Ulaya ilikuwa na njaa ya magadi. Viwanda vya vitambaa viliyahitaji kwa kusafisha nguo, wachemsha sabuni waliyahitaji, na wapuliza vioo vilevile. Hispania iliuza majivu ya mimea ya pwani. Huko Uskoti, watu wa visiwani walivuna mwani, wakaukausha na kuuchoma ufukweni. Kazi ilikuwa ngumu na mavuno yalikuwa haba, maana sehemu kubwa ya majivu hayo haikuwa magadi.

Ufaransa ilitegemea sana majivu ya kigeni, na vita vilipozuka bei ilipanda. Lakini chumvi ya bahari ilikuwa tele, na wataalamu walishajua kwamba chumvi na magadi vina asili moja, ile tunayoiita leo sodiamu. Kilichotakiwa ni kuipata njia ya kuitoa sodiamu kwenye chumvi na kuigeuza magadi. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilitangaza zawadi ya livre 2,400 kwa yeyote atakayeigundua.

1791–1806: Nicolas Leblanc

Aliyeipata njia hiyo ni Nicolas Leblanc, tabibu wa Mtawala wa Orléans, mmoja wa matajiri wakubwa wa Ufaransa. Mbinu yake ilikuwa na hatua mbili. Kwanza, chumvi ilichanganywa na asidi ya salfuriki na kupashwa moto, ikageuka salfeti ya sodiamu. Kisha salfeti hiyo ilichanganywa na mawe ya chokaa na makaa ya mawe, ikachomwa katika tanuri kali. Kilichotoka tanurini kilikuwa bonge jeusi. Bonge hilo lilipotiwa maji, magadi yaliyeyuka na uchafu ukabaki. Kazi hii ya mwisho haina tofauti kubwa na ile ya mpishi na kikombe chake.

Mwaka 1791 Leblanc alipewa hataza, na kwa fedha za Mtawala akajenga kiwanda Saint-Denis, karibu na Paris. Lakini alianza kazi katikati ya mapinduzi. Mnamo Novemba 1793 mfadhili wake alikatwa kichwa na mali zake zikataifishwa, kiwanda kikiwemo. Mwaka uliofuata serikali ya mapinduzi, iliyokuwa vitani na majirani zake, iliitangaza siri ya Leblanc hadharani ili kila mwenye uwezo aitumie. Baadaye, Napoleon alipokuwa madarakani, Leblanc alirudishiwa majengo, lakini hakuwa na fedha za kuyafufua. Mwaka 1806 alijiua. Zawadi ya 1775 hakuipokea kamwe.

Mbinu yake iliishi, na mabaki yake pia yakaishi. Tuchukue kalamu tupige hesabu. Kwa kila tani moja ya magadi, milinganyo ya Leblanc inazaa karibu kilo 690 za gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na maji huwa asidi kali, na karibu uzito huohuo wa salfidi ya kalsiamu. Mfanyabiashara aliuza tani moja, na tani moja na ushei nyingine ilibidi iende mahali fulani. Katika miaka ya mwanzo ilikwenda hewani na mashambani.

1823–1868: Miji isiyo na miti

Mavuno makubwa ya mbinu hii yalipatikana Uingereza. Huko kodi ya chumvi ilipunguzwa na hatimaye kufutwa katika miaka ya 1820, na mara James Muspratt, mzaliwa wa Dublin, akaanzisha kiwanda Liverpool mwaka 1823. Wengine wakafuata. Miji ya St Helens na Widnes ilikua kwa kasi kwa sababu ilikuwa karibu na makaa ya mawe, chumvi na mifereji ya kusafirishia mizigo.

Ilikua, na ikaungua. Gesi ilitoka kwenye mabomba ya moshi, ikashuka na ukungu. Miti ilipukutika majani na kufa, mazao yakakauka, chuma kikaliwa na kutu. Rundo la salfidi lililoachwa nyuma ya viwanda lilinyeshewa na mvua na kutoa harufu ya mayai viza. Wakulima na wenye ardhi walimshitaki Muspratt mara kadhaa. Yeye na wenzake walijibu kwa kuinua mabomba ya moshi juu zaidi, jambo ambalo halikupunguza gesi hata kidogo. Iliwafikia tu watu wa mbali zaidi.

Jibu la kweli lilitoka kwa William Gossage mwaka 1836. Alikuwa na kinu cha upepo kilichoachwa bila kazi. Akakijaza matawi ya vichaka, akaelekeza maji yatiririke kutoka juu na gesi ya kiwanda ipande kutoka chini. Ilipokuwa ikipenya katikati ya vijiti vilivyolowa, gesi ilikutana na maji mahali pengi mno, ikayeyuka humo. Iliyofika juu ilikuwa kidogo sana. Hapa hapakuwa na mmenyuko mpya wa kikemia wa kujivunia. Gossage alilipa lile jambo nafasi ya kutokea: aliongeza eneo ambalo gesi na maji vinagusana, akavifanya viende kwa kupishana. Kanuni hiyo ingali ndani ya minara ya kusafishia gesi katika viwanda vya leo.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wenye viwanda wengi hawakuona sababu ya kujenga mnara usiowaingizia fedha, na waliojenga mara nyingi walimwaga ile asidi mtoni. Ikabidi sheria iingie. Mwaka 1863 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Alkali, iliyotaka kila kiwanda kinase angalau asilimia 95 ya gesi hiyo. Mkaguzi wa kwanza alikuwa mwanakemia Robert Angus Smith, ambaye kitabu chake cha mwaka 1872 ndicho kilicholifanya wazo la mvua ya asidi lijulikane.

Kilichofuata kinafaa kukumbukwa na kila anayeamini kwamba sheria za mazingira huua viwanda. Baada ya kulazimishwa kuikusanya asidi, wenye viwanda walijikuta na bidhaa mkononi, wakaanza kutafuta kazi ya kuipa. Walter Weldon alitumia manganizi kuitoa klorini katika asidi hiyo. Henry Deacon wa Widnes, mwaka 1868, alipitisha gesi pamoja na hewa ya moto juu ya kichocheo cha shaba akapata klorini vilevile. Klorini ilipitishwa kwenye chokaa ikawa unga wa kung'arisha vitambaa na karatasi. Kile kilichoua miti kikawa faida. Baadaye, mbinu ya Leblanc iliposhindwa katika soko la magadi, ni klorini hiyo iliyoendelea kuipa pumzi.

1861–1874: Mnara wa Solvay

Kushindwa kwake kulitoka Ubelgiji. Ernest Solvay, aliyezaliwa mwaka 1838, hakusoma chuo kikuu kwa sababu ya maradhi. Alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha gesi cha mjomba wake, ambako amonia ilipatikana kama mabaki ya makaa ya mawe. Katika kuhangaika na amonia hiyo aligundua kwamba ukiiyeyusha katika maji ya chumvi, kisha ukapitisha hewa ya ukaa, bikabonati ya sodiamu hutengana na maji na kutuama kama unga. Ukiupasha moto unga huo, unapata magadi. Alipewa hataza mwaka 1861.

Hakujua kwamba wengine walishaujua mmenyuko huo kwa nusu karne, na kwamba waliojaribu kuufanyia biashara walikuwa wamepoteza fedha zao. Amonia ni ghali, nayo hupenda kutoroka. Kila iliyovuja ilikuwa hasara, na kwa kiwango cha kiwanda uvujaji mdogo ulitosha kukifilisi.

Ernest na mdogo wake Alfred walianzisha kampuni mwaka 1863 na kuwasha mitambo Couillet, karibu na Charleroi, mwaka 1865. Miaka ya kwanza ilikaribia kuwafilisi, na fedha za familia ndizo zilizowaokoa. Kilichowafanikisha hatimaye ni mnara. Maji ya chumvi yaliyoshiba amonia yaliingizwa juu, yakashuka ghorofa kwa ghorofa. Hewa ya ukaa iliingizwa chini, ikapanda kwa mapovu. Vilipishana njiani, na bikabonati ikatoka chini kama uji mzito, bila kazi kusimama usiku wala mchana.

Uzuri wa mbinu hii unaonekana ukifuata njia ya kila kitu. Mawe ya chokaa huchomwa tanurini na kutoa hewa ya ukaa inayokwenda mnarani, pamoja na chokaa. Bikabonati ikipashwa moto hurudisha sehemu ya hewa ya ukaa. Kioevu kinachobaki mnarani kimeibeba amonia, kwa hiyo huchanganywa na ile chokaa, amonia ikaachiliwa na kurudi mwanzo. Amonia hiyohiyo huzunguka tena na tena. Mwishowe kinachotumika ni chumvi na mawe ya chokaa tu, vitu viwili vya bei rahisi kabisa.

Mwaka 1873 Ludwig Mond, Mjerumani aliyehamia Uingereza, na mshirika wake John Brunner walianza kujenga kiwanda cha mbinu ya Solvay huko Winnington, katika jimbo la Cheshire lenye chumvi nyingi chini ya ardhi. Katika muda wa miaka ishirini hivi, viwanda vya Leblanc vilikuwa hoi. Mwaka 1890 vilivyobaki Uingereza viliungana na kuwa United Alkali Company ili kujiokoa, lakini umeme ulipoanza kutumika kutoa klorini moja kwa moja kwenye maji ya chumvi, hata tegemeo lao la mwisho liliondoka.

Lakini Solvay naye aliacha kitu nje ya mzunguko wake. Klorini yote ya chumvi iliishia kwenye kloridi ya kalsiamu, zaidi kidogo ya tani moja kwa kila tani ya magadi, na wanunuzi wake walikuwa wachache. Ilipelekwa mitoni, baharini na kwenye madimbwi. Katika jimbo la New York, mji uliozunguka kiwanda kama hicho uliitwa Solvay, na kando ya ziwa Onondaga yalilundikwa mabaki meupe kwa takriban miaka mia moja, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1986. Milima hiyo ya mabaki ipo hadi leo.

1917–1943: Siri yafichuka China

Kampuni za Solvay ziliilinda siri yao kwa miongo. Mitambo ilijengwa nyuma ya kuta, na aliyenunua leseni aliapa kunyamaza. China, iliyonunua magadi ya Waingereza, iliona athari ya utegemezi huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata usafiri. Fan Xudong alianzisha kampuni ya Yongli huko Tanggu, karibu na Tianjin, na mwaka 1921 akamwita nyumbani Hou Debang, aliyekuwa amemaliza masomo ya juu Marekani.

Hou hakuwa na ramani. Alilazimika kuijenga upya mbinu yote kwa kujaribu, kuharibu na kurekebisha. Mwaka 1926 magadi ya Yongli yalipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya Philadelphia. Mwaka 1933 alifanya jambo ambalo mwenye siri mwingine angeliona wazimu: alichapisha kitabu kwa Kiingereza akieleza kila kitu, ili taifa lolote liweze kujenga.

Vita na Wajapani vilimsukuma hadi Sichuan, ambako chumvi ilitoka visimani na ilikuwa ghali. Katika mnara wa Solvay karibu robo ya chumvi hupita bila kutumika na kutupwa. Penye chumvi ya bei ndogo hilo halikumsumbua mtu. Sichuan lilikuwa balaa. Katika miaka ya mwanzo ya 1940, Hou alibadili mwisho wa mbinu: badala ya kuirudisha amonia kwa chokaa, alipoza kioevu na kuongeza chumvi, kloridi ya amonia ikajitenga. Maji ya chumvi yakarudi mnarani, na kloridi ya amonia ikaenda mashambani kama mbolea. Uhaba ulimlazimisha kuulizia mabaki, na katika jibu lake mkulima wa mpunga alipata chakula cha mazao.

1911–1926: Reli ya Ziwa Magadi

Turudi nyuma kidogo, hadi kwetu. Wakati Ulaya ikichoma mawe na kujenga minara, chini ya Bonde la Ufa ardhi ilikuwa ikitengeneza magadi yenyewe. Maji hupita kwenye miamba ya volkano, huyeyusha sodiamu, hupashwa joto chini na kuchomoza kama chemchemi za moto kandokando ya ziwa lililo kusini mwa Kenya. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Jua hukausha maji kuliko mvua inavyoyaleta, na kinachobaki huganda kuwa tabaka gumu la trona, ambalo ndani yake kabonati, bikabonati na maji vimeshikana. Ziwa likaitwa kwa jina la kilichomo: Magadi.

Jina ni la kale kuliko kampuni, na nchi ilikuwa na wenyewe. Kwa mikataba ya 1904 na 1911, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai na kuwasukumia katika hifadhi, wakiondolewa hata Laikipia. Mwaka huohuo wa 1911 Magadi Soda Company iliundwa London, na reli ya tawi ikaanza kujengwa kutoka Konza kwenye reli kuu ya Mombasa, ikishuka hadi ziwani, ikakamilika mwaka 1915. Vita vilikuwa vimeshafika Afrika Mashariki na biashara ikayumba. Mwaka 1924 kampuni iliangukia mikononi mwa Brunner Mond, wale wale wa Winnington, na mwaka 1926 Brunner Mond wakaungana na wengine kuunda kampuni ya kemikali ya ICI.

Kazi ya ziwani ni fupi ukilinganisha na Leblanc au Solvay. Mtambo unaoelea huvunja tabaka la trona, vipande husukumwa pamoja na maji hadi kiwandani, huoshwa, kisha hupashwa moto. Moto hufukuza maji na hewa ya ukaa. Kilo 100 za trona safi hubakiza karibu kilo 70 za magadi. Hakuna asidi na hakuna amonia. Ndiyo maana trona ilipopatikana kwa wingi chini ya Wyoming, Marekani, mwaka 1938, na kuanza kuchimbwa kwa biashara miaka iliyofuata, viwanda vya Solvay nchini humo vilikufa kimoja baada ya kingine. Kiwanda cha Magadi kilinunuliwa na Tata Chemicals ya India mwaka 2005. Winnington, kule Mond alikoanzia, iliacha kutengeneza magadi mwaka 2014. Ziwa linaendelea.

Lakini usafi wa mlinganyo usitudanganye. Magadi ya Bonde la Ufa yana floraidi. Nayo, tofauti na mchanga, haitui chini ya kikombe. Huyeyuka na kuingia chunguni pamoja na maji safi ya juu. Ikizidi mwilini mwa mtoto wakati meno yake yanajengeka, meno hutoka na madoa ya kahawia, kama wanavyojua watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro, ambako hata maji ya kunywa huwa nayo.

2006 hadi sasa: Natron na Engaruka

Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita kati ya Ziwa Magadi na jirani yake, Ziwa Natron. Serikali ya Tanzania na Tata zilipopanga kujenga kiwanda Natron katikati ya miaka ya 2000, hoja ya kiuchumi ilikuwa wazi: tunaagiza magadi ya kutengenezea vioo na sabuni huku tumeyakalia. Lakini heroe wadogo, wale ndege wa waridi, hutaga Natron kuliko mahali pengine popote. Kwa makadirio yanayotumika sana, robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa hapo. Hujenga viota vya tope katikati ya maji makali ambamo fisi na mbweha hawathubutu kuingia. Ukibadilisha kina cha maji au mkondo wake, unabomoa ngome hiyo. Upinzani ulikuwa mkubwa, na mwaka 2008 Tata wakajitoa.

Kisha Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, likaelekeza macho bonde la Engaruka wilayani Monduli, ambako kuna hazina kubwa ya magadi. Mimi natamani kiwanda hicho kijengwe. Nchi inayoyeyusha mchanga wake kuwa vioo kwa magadi yake ni nchi iliyopiga hatua. Lakini Saint-Denis, Widnes na Onondaga zimetuachia somo lililolipiwa kwa miti, mito na mapafu ya watu: mabaki ambayo hayakupangiwa mahali siku ya kuchora kiwanda hujitafutia mahali penyewe. Kwa hiyo ramani ya Engaruka itakapowekwa mezani, mfugaji wa Monduli ana haki ya kuweka kidole kwenye bomba la mwisho, lile linalotoka nje ya uzio, na kuuliza maji yake yanaelekea wapi.